Faili Nililokataa Kulifungua

Vijana wa masijala mmeniomba niwaachie maandishi kidogo kabla sijazoea kukaa nyumbani, na nilipouliza mnataka nini hasa mkasema, "Andika tu ulivyopanda, Mama Kadi, ulianzia wapi ukafikia wapi." Sitaandika hivyo. Nilivyopanda na nilicholipwa ni mambo yangu, hayamhusu mtu asiye na sababu ya kuyajua, na ninyi mnaokaa kwenye dirisha lile mngepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Nitaandika kazi. Na kwa kuwa Mbinga hii kuna watu wanaosema mpaka leo kwamba nilikuwa mkaidi, mwenye kiburi, mwanamke aliyejifanya hospitali ni ya baba yake, nitawaandikia na wao. Ni kweli nilikuwa mkaidi. Sijutii hata kidogo.

Kwanza tahadhari. Hospitali siitaji. Majina ya watu nimeyabadilisha, na vijiji vingine pia, kwa hiyo wajuaji wa mjini msipoteze mchana mzima mkipiga hesabu za nani ni nani. Binti nitakayemwita Aneth ameyasoma haya yote kabla yenu, akakubali yatoke, isipokuwa sentensi moja aliyoniambia niiondoe. Nimeiondoa.

Siku yangu ya kwanza, masijala ilikuwa chumba chembamba nyuma ya maabara, chenye harufu ya panya na karatasi zilizolowa. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Kasiani, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa koti la kahawia hata jua likiwa kali. Alinipa rundo la mafaili niyapange, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi akachukua faili la juu akaniuliza, "Huyu anaumwa nini?"

Nikamjibu, "Sijui mzee, uliniambia nipange."

Akalirudisha faili kwenye rundo. "Aliyekutangulia alinijibu mpaka na dawa alizoandikiwa. Amehamishiwa jikoni. Wewe kaa."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Baadaye akanifundisha kwamba mpangaji anasoma jina, jina la mama, kijiji na namba, basi. Jina la mama ni lazima, maana kwetu ukiita Ndunguru dirishani wanasimama nusu ya waliokaa, na nusu nyingine ni akina Komba. Chini ya hapo, alisema, umeshaingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Nilimwona mzee ana makuu kwa kazi ya kupanga karatasi. Niliendelea kumwona hivyo mpaka nilipokutana na habari ya fundi cherehani wa Namswea.

Enzi hizo faili lilitoka dirishani likaenda kwa daktari mikononi mwa yeyote aliyekuwa karibu. Mgonjwa akiwa hoi, tulimwambia jirani yake, "Msaidie mzee, mshikie faili." Ulikuwa ustaarabu tu. Fundi huyu alisaidiwa na mtu wa kijijini kwake, na foleni ikiwa ndefu msaidizi akajisomea kama anayesoma gazeti. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, lakini neno moja tu lilimtosha. Ilikuwa karibu na komunyo ya kwanza, na fundi alikuwa na magauni meupe ya mabinti wa parokia nzima. Wazazi walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, kila mmoja na kisingizio chake. Ugonjwa wake haukuwa wa kuambukizwa kwa nguo, na hilo ndilo pekee nitakalolisema kuuhusu.

Kabla ya kuhamia Songea alipita dirishani kwangu. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alisema, "Mama, mimi nilikuja kwenu kutibiwa, sikuja kutangazwa." Akaweka kadi yake ya kliniki mbele yangu akaondoka bila kuichukua. Niliumia sana, na hasira ile sijaimaliza hadi leo.

Wiki hiyohiyo nilishona mifuko ya kitenge yenye kamba, nikatangaza kwamba faili halitoki masijala isipokuwa ndani ya mfuko na mikononi mwa mtumishi. Madaktari walilalamika kwamba wanapoteza muda kufungua mafundo yangu. Mmoja akasema ameajiriwa kutibu, si kuvua watu viatu. Nikamwambia afunge mwenyewe fundo jepesi akiweza, na mifuko ikabaki. Wagonjwa, kwa kuwa kadi zao zilipita mikononi mwangu, ndio walionipa jina la Mama Kadi, wengine kwa upendo na wengine kwa kunisimanga, na mimi nikaitikia yote.

Zilipokuja kompyuta, watu wengi walidhani siri zimepona. Nasema walidhani, kwa sababu paswedi ya wodi ilikuwa imeandikwa kwenye plasta ya kidonda na kubandikwa juu ya kioo, mahali ambapo hata aliyekuja kuuza maandazi angeweza kuisoma. Kila mtumishi alikuwa na paswedi yake, na kila paswedi ilikuwa jina la mtoto wa kwanza. Mimi ninayewajua watoto wa wenzangu wote tangu ubatizo ningeweza kuingia popote.

Halafu kulikuwa na jambo la misiba, na hili wageni wanaotuletea mitambo huwa hawalijui. Kwetu msiba haungojewi. Simu ikilia kwamba fulani hatunaye, unaacha ulichokishika unakwenda, na mwenzako anakushikia kazi. Zamani ulimwachia ufunguo wa kabati. Kompyuta zilipokuja watu wakaachiana paswedi, kwa moyo uleule na bila ubaya wowote. Ukikataa unaulizwa, "Kwani unaficha nini?" Mimi nilikataa siku zote. Nikienda msibani masijala yangu ilisubiri, na aliyenihitaji alinipigia simu. Wenzangu walikasirika, wakasema simwamini mtu. Nikawaambia ni kweli.

Ndipo akaja Saidi. Babu yake alitoka pwani akafungua duka la nguo pale mjini, na yeye alikwenda kusoma mambo ya kompyuta akarudi na timu ya kutufungia mfumo mpya, wa kwetu na wa kituo cha afya kule ziwani. Alikuwa mtaratibu, hapandishi sauti, na alikuwa na subira na watu wazima wanaoogopa vitufe. Nilimsumbua kuliko wote. Siku ya pili ya mafunzo alinikalisha mbele ya mashine.

"Mama, mwizi akiibeba seva hii yote akaenda nayo Songea, atakuta nini ndani?"

"Si wewe ndiye wa kuniambia?"

Akafungua faili la majaribio bila ufunguo. Kioo kikajaa herufi na namba zilizovurugika, mstari baada ya mstari, hakuna hata neno moja la kibinadamu.

"Jina, kijiji, vipimo, dawa, vyote vimo humo," akasema. "Vimesimbwa. Bila ufunguo hata mimi niliyefunga mtambo sisomi kitu."

"Na mwenye ufunguo akiwa mbea?"

Akacheka. "Hapo ndipo tumeweka mnyororo."

Blokcheni ndilo jina lake rasmi, ila sisi tuliita mnyororo, na Saidi hakutukataza. Kila faili linapofunguliwa, mfumo unaandika ni kadi ya mtumishi gani iliyofungua, wakati gani, kwa ruhusa gani. Kila pingili inabeba muhuri uliotokana na pingili iliyotangulia, kwa hiyo ukibadilisha moja ya katikati, mihuri yote inayofuata inagoma. Na nakala hazikai mahali pamoja: moja kwetu, moja kituo cha ziwani, moja wilayani. Anayetaka kufuta ya kwetu ataumbuliwa na zile mbili.

Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni. "Na magonjwa yenyewe mmeyaweka kwenye mnyororo?"

"Hapana mama. Huko inakaa alama ya kufungua tu. Kitu kisichofutika usikijaze siri za watu, maana usimbaji wa leo ukija kuvunjwa miaka ijayo hutaweza kuzitoa humo."

Kuanzia pale nilimpenda. Nilikuwa nimeona wataalamu wengi wanaosifia mitambo yao. Huyu alikuwa wa kwanza kuniambia kitu asichothubutu kukiweka kwenye mnyororo wake.

Utaratibu ukawa hivi. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayetoa ruhusa ya faili lake kufunguliwa, kwa namba inayoingia kwenye simu yake, na asiye na simu kwa kidole gumba. Akiletwa mgonjwa asiye na fahamu, mtumishi wa wodi anaomba ufunguzi wa dharura kwa kadi yake, na ombi linakuja kwenye simu ya mtunza ufunguo, ambaye nilikuwa mimi, nilipo popote. Nisipopatikana, linakwenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali. Na kwa vyovyote vile, faili liwe limefunguliwa au limejaribiwa tu, mgonjwa anatumiwa ujumbe. Hilo la ujumbe kuna wakubwa walitaka liondolewe, wakisema litawatia watu hofu. Nilisimama kikaoni nikasema anayestahili kuogopa ni anayefungua. Halikuondolewa.

Watu waliendelea kuachiana kadi wakienda misibani. Mitambo inabadilika upesi kuliko sisi.

Sasa niingie kwenye kisa kilichonipa sifa mbaya. Kaka yangu mkubwa, Alkwini, ana kijana wake anaitwa Otmari. Otmari alimpata mchumba kijiji cha Lundo kule ziwani, mwalimu wa chekechea, binti mcheshi anayekuangalia usoni anapozungumza. Huyo ndiye Aneth. Tulipomwona mara ya kwanza mimi nilifurahi waziwazi. Lakini mtu mmoja akapeleka maneno kwa kaka kwamba binti huyo aliwahi kuonekana ameketi kwenye benchi la kliniki ya hospitali yetu, tena zaidi ya mara moja.

Wanaotoka huku wanajua kinachofuata. Kabla ya kuoa, ukoo unauchunguza ukoo. Wanauliza kama kuna kifafa, kichaa, ukoma, na siku hizi wameongeza mengine waliyoyasikia redioni. Na mtu wa kuuliza, kwa desturi ya nyumbani kwetu, ni shangazi wa kijana. Shangazi ndiye anayetumwa, anarudi na majibu, neno lake linaweza kuvunja au kuruhusu. Shangazi wa Otmari ni mimi.

Kaka alikuja nyumbani mchana wa Jumapili, amevaa vizuri. Tukala, tukasifia mvua, tukazungumza kuhusu kahawa. Kisha akahama kutoka Kiswahili akaingia Kimatengo, nikajua tumefika.

"Mdogo wangu," alisema, "kazi hii ni yako kwa kuzaliwa. Wengine wanatumwa mpaka Lundo wakadanganywe na majirani. Wewe majibu unayo mezani. Angalia tu. Huna haja ya kutuambia jina la ugonjwa. Sema ndiyo au hapana."

"Siangalii, kaka."

"Nimekwambia huna haja ya kutaja."

"Nikisema ndiyo nimetaja. Nikisema hapana, siku ya mwingine nikinyamaza nitakuwa nimetaja. Siangalii."

Akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo mtoto wa ukoo mwingine ana thamani kuliko Otmari?"

"Otmari akiwa na faili pale, nalo silifungui. Hata lako."

Hapo nadhani nilimgusa pabaya, kwa sababu na yeye aliwahi kukaa kwenye benchi lile. Akasimama, akachukua kofia. Akaniambia shangazi asiyefanya kazi ya ushangazi hana sababu ya kuitwa. Nikamsindikiza mpaka njiani kama kawaida.

Nataka mnielewe vizuri, vijana. Sikuwa na hakika kwamba hakuna cha kujua. Nilimpenda Otmari, nilimlea alipokuwa anasoma mjini, na moyo wangu ulitaka kujua kama wa baba yake, pengine zaidi. Kadi ilikuwa shingoni mwangu kila siku. Sikulifungua kwa sababu Aneth alikuja kwetu kutibiwa. Basi, hiyo ndiyo sababu yote, na kila aliyenitaka nitoe sababu kubwa zaidi nilimwambia hiyohiyo.

Haikupita muda mjomba wetu wa Namswea akafariki. Tulikwenda wote. Nesi Fotunata, ambaye kwao na kwetu ni ukoo mmoja upande wa mama, alikwenda pia, na kama kawaida aliiacha kadi yake pamoja na namba yake ya siri kwa karani mwenzangu, Desideri, aliyekuwa zamu. Mganga mfawidhi alikuwa safarini. Kaka alikuwa ameshajua hayo yote, maana yeye na Desideri wanasali jumuiya moja.

Pale msibani wanaume walikaa upande wao chini ya turubai, wanawake tukawa nyuma ya nyumba jikoni. Nilikuwa nachambua maharage simu ilipotikisika. Nikavaa miwani. Ombi la ufunguzi wa dharura. Kadi ya Fotunata. Mgonjwa: jina la Aneth, jina la mama yake, Lundo. Hali: hana fahamu. Chini yake maneno mawili, Idhinisha na Kataa.

Ni rahisi sasa kusema ningejua mara moja kwamba ni hila, lakini sikujua. Niliona binti amelala kwenye kitanda cha magurudumu, daktari anasubiri kujua dawa gani itamuua na ipi itamponya, na mimi hapa na maharage mapajani. Kidole kilikuwa tayari juu ya Idhinisha. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa, msije mkajifunza vingine kutoka kwangu: mgonjwa hoi hangojeshwi.

Lakini kadi ilikuwa ya Fotunata, na Fotunata alikuwa ameketi pembeni yangu anamenya vitunguu. Nikainua macho. Na mbele ya Fotunata, kwenye sufuria kubwa la msiba, amejifunga kanga mbili, jasho linamtiririka, mwiko mrefu kama kasia mikononi, alikuwepo Aneth anasonga ugali.

Bila shaka alikuwepo. Mchumba aliyekwisha kutambulishwa anakuja kufanya kazi kwenye msiba wa ukoo anakoolewa. Asipokuja, ndoa inaweza kufa kwa hilo peke yake. Kaka yangu mwenyewe ndiye aliyetuma neno Lundo kwamba aje. Ila wanaume huletewa ugali turubaini ukiwa tayari, hawaji nyuma kuangalia nani ameusonga, na katika kupanga kwake kote hakukumbuka kwamba mgonjwa wake mahututi alikuwa hatua chache tu nyuma ya nyumba akimpikia chakula.

Nilibonyeza Kataa. Nikafuta mikono, nikazunguka nyumba mpaka turubaini. Kaka alikuwa na simu yake mkononi anaitazama. Sikupaza sauti, kwa sababu kupaza sauti kungekuwa kumwaga kilekile nilichokuwa nakilinda. Niliinama kama ninayempa pole.

"Kaka," nikamwambia sikioni, "mgonjwa wako anasonga ugali."

Alinyanyua macho hakuelewa. Halafu akaelewa. Nilirudi kwenye maharage yangu, nikiwaza nilivyokuwa karibu kubonyeza.

Ujumbe wa mfumo ulikuwa umeshamfikia Aneth: kuna mtu amejaribu kufungua taarifa zako kwa dharura, imekataliwa. Aliusoma alipokaa kupumzika. Nilimwona anausoma. Akaifunga simu kwenye ncha ya kanga, akaendelea kupakua chakula cha watu.

Nilipofika kazini mganga mfawidhi alikuwa amerudi na ameshapigiwa simu nyingi. Alinifungia mlango.

"Mama Kadi, hili ni jambo la kifamilia. Mwambie Saidi alifute."

"Halifutiki, daktari."

"Basi liandikwe kwamba tulikuwa tunafanya majaribio."

"Nani aliyekuwa anafanya majaribio? Fotunata alikuwa anamenya vitunguu na mimi."

Alimpigia Saidi mbele yangu, akaweka sauti kubwa. Saidi akamjibu kwa upole wake uleule kwamba akigusa nakala yetu, ya ziwani na ya wilayani zitapiga kelele, na kwamba hata kama angeweza asingefanya. Mganga akakata simu. Akanikumbusha kwamba nakaribia kustaafu na ingefaa niagwe kwa amani. Nikamwambia niagwe vyovyote watakavyo, lakini mgonjwa akija kuuliza nani amegusa faili lake, nitamjibu, kwa sababu ni haki yake na tumempa ahadi hiyo kwa maandishi ukutani.

"Utavunja ndoa ya mwanao!"

"Sijashika kadi ya mtu mimi."

Fotunata hakunisemesha kwa muda mrefu. Aliona jina lake limefungwa kwenye mnyororo milele kwa sababu ya kwenda kuzika. Nilimwonea huruma, lakini sikumwambia uongo kwamba litatoka. Iliongezwa pingili nyingine ya maelezo, aliyebonyeza ni nani, na Desideri akaondolewa dirishani. Tangu siku hiyo sijasikia mtu pale ameacha kadi akaenda msibani. Wanazivaa mpaka makaburini.

Aneth alikuja nyumbani kwangu na kifurushi cha dagaa. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo shangazi," nikaitikia, akakaa. Hakuzunguka.

"Nani?"

Hapa ndipo palikuwa pagumu kuliko Kataa. Ningeweza kumtajia kadi peke yake nikaishia hapo, na ukoo wangu ungesalimika. Lakini nilikuwa nimesema nitajibu. Nikamwambia kadi ilikuwa ya nani, aliyebonyeza alikuwa nani, na aliyemtuma alikuwa baba wa mchumba wake, kaka yangu wa tumbo moja. Nililia nikisema, yeye hakulia.

"Na shangazi, wewe uliliona faili?"

"Sijaliona. Sijui hata ulikuja kwa daktari gani."

Akasema, "Mwambie baba mkwe, Otmari mimi nampenda. Ila asinitafute kwenye mashine. Aje Lundo, akae kwa mama yangu, aniulize mimi. Nitamjibu mwenyewe. Akishindwa kuja, basi."

Nilipeleka ujumbe kama ulivyo. Kaka alitukana, akasema kizazi hiki hakina adabu, binti hawezi kumwita mzee. Otmari akamwambia yeye atakwenda Lundo na hatarudi. Ulipita mwezi wa ubishi ambao sitaueleza. Kisha asubuhi moja kaka akapanda basi la kushuka ziwani, peke yake, bila kumuaga mtu.

Alirudi siku ya tatu. Ukoo ukakusanyika haraka, wamejaa sebuleni kwake mpaka mlangoni, wote wanataka majibu. Mimi sikuitwa, nilisimuliwa. Mzee mmoja akamuuliza, haya Alkwini, binti anaumwa nini? Na kaka yangu, yuleyule, akasema, "Ameniambia mimi. Hakuniambia ninyi. Harusi ipo." Wakambana mpaka jioni, hakutoa hata herufi moja. Hadi leo hajatoa.

Kwenye harusi walimweka shangazi mwingine. Nilikaa benchi la nyuma kanisani, na ukumbini nilicheza kuliko wote, kwa makusudi, ili waone. Kaka hakuniomba radhi na sikungojea. Aliniletea sahani ya nyama kwa mkono wake mwenyewe, akakaa karibu yangu, tukala.

Aneth sasa ni mke wetu. Mwezi uliopita tulikuwa jikoni kwangu tunachambua dagaa, hakuna aliyemuuliza, akaniambia kila kitu. Kilichompeleka kwenye benchi lile, kilianza lini, kimefikia wapi. Nilimsikiliza, nikamshika mkono, tukaendelea na dagaa.

Kwa hiyo sasa najua. Na najua ninyi mmesoma mpaka hapa mkisubiri niutaje ugonjwa huo, hata ninyi wa masijala, nawajua. Kadi yangu nimeirudisha, jina langu limeondolewa kwenye mfumo, hakuna mnyororo wala mganga wa kunibana tena, niko huru kabisa kusema.

Sisemi.